Njia ikiziba, dawa ya nguvu za kiume itasaidia nini?

Mwanamume akiambiwa shahawa zake hazina hata mbegu moja, wazo la kwanza ni kwamba uanaume wake umekwisha. Lakini nguvu anazo, hamu anayo, na shahawa zinatoka kama kawaida, kwa kuwa sehemu kubwa ya majimaji yale hutoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume, si kwenye korodani. Mbegu huenda zinatengenezwa kila siku, ila zimekosa pa kupita.

Hapo ndipo ninapogombana na wauza dawa. Kovu lililoachwa na kisonono au klamidia, au mrija uliokatwa kwa bahati mbaya katika upasuaji wa ngiri utotoni, hauzibuliwi na mizizi wala vitamini. Na wakati mume anakunywa chupa ya tatu, mke ndiye anayezungushwa kwenye vipimo, ingawa kupima shahawa mara mbili ni kazi rahisi kuliko vipimo vingi anavyofanyiwa yeye. Korodani zikiwa na ukubwa wa kawaida na homoni ya FSH, inayotoka kwenye ubongo kuzihimiza korodani kutengeneza mbegu, haijapanda, daktari ana sababu nzuri ya kushuku kuziba.

Upasuaji wa kuzibua njia hiyo ni kazi ya fundi haswa. Tundu la mrija wa mbegu halifiki hata milimita 1, kwa hiyo daktari hushona chini ya darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kinachonivutia zaidi ni kwamba uamuzi mkubwa hufanywa katikati ya kazi. Akishaukata mrija, hutazama majimaji yanayotoka upande wa korodani. Yakiwa na mbegu, ataunga mrija kwa mrija. Yakiwa mazito kama dawa ya meno, bila mbegu, basi kizuizi kingine kiko nyuma zaidi, ndani ya epididimisi, kijirija kilichojikunja ambacho kikinyooshwa hufika kama mita 6. Kuunga huko ni kugumu maradufu, kwa hiyo muulize mapema daktari wako: ukikuta hivyo, utaweza?

Muda nao una neno lake. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1991, wanaume waliokuwa wamefunga uzazi kwa kukatwa mirija ya mbegu, kisha wakaungwa tena kabla ya miaka 3 kupita, walirudisha mbegu kwa asilimia 97, na asilimia 76 ya wenzi wao walipata mimba. Waliokaa miaka 15 au zaidi walishuka hadi asilimia 71 na 30. Umri wa mke pia uhesabiwe, kwani mbegu zaweza kuchukua miezi kadhaa kuonekana, na mama wa miaka 40 hana miezi ya kuchezea.

Wapo waliozaliwa bila mirija hiyo kabisa. Kwao hakuna cha kuunga: mbegu huvutwa kutoka kwenye epididimisi au korodani na kudungwa ndani ya yai maabara, njia iliyofanikiwa tangu mwaka 1992. Lakini wapimwe vinasaba kwanza, mume na mke, kwa sababu hali hiyo mara nyingi huambatana na vinasaba vya ugonjwa mzito wa mapafu unaoweza kumfikia mtoto.

Kwa wengine, mimi ningeanza na kuzibua, hasa pale mke angali kijana: mkifanikiwa, mtoto wa pili hahitaji maabara. Ila kabla ya kupanda kitanda cha upasuaji, ulizeni kama mbegu zitakazoonekana siku hiyo zitagandishwa, maana mshono nao huweza kuziba.