Kitabu cha ufundi wa pikipiki kisicho na vipimo

Inakera kununua kitabu cha ufundi wa pikipiki, ukakifungua ukakuta kubadilisha oili na kupaka cheni grisi tu. Hayo yamo kwenye kijitabu kinachokuja na pikipiki! Fundi anataka vipimo: nafasi ya tapeti, yaani upenyo mdogo unaoachwa kati ya valvu na kinachoisukuma (Honda CG125 ni milimita 0.08, injini ikiwa ya baridi kabisa), nguvu ya kukaza nati za hedi (kichwa cha injini), na mchoro wa waya unaoonyesha rangi.

Vitabu vingine havisemi hata ni injini ipi. Injini ya cc 125 yenye fito za kusukuma valvu na ile yenye cheni ya taimingi (inayopanga wakati wa valvu kufunguka na kufunga) hazifungwi kwa njia moja. Ukichanganya, taimingi inakosewa na pikipiki haiwaki. Kabla ya kulipa, linganisha modeli na mwaka, kisha tafuta ukurasa wa tapeti. Hakuna namba? Kirudishe.