Kibaka wa kwenye runinga na kibaka wa Magomeni

Mama mmoja ninayefanya naye kazi hapa Norwich, Uingereza, alipojua sijawahi kuona Knightmare alinitazama kama nimemwambia sijawahi kula wali. Jumamosi hiyo akanikalisha sebuleni kwake na chai ya maziwa isiyo na sukari, tukaangalia vipindi vitatu mfululizo.

Kwa wasioijua: ni mchezo wa watoto wa runinga uliotengenezwa na kituo cha Anglia, humu humu mjini, kati ya 1987 na 1994. Mtoto mmoja anavishwa kofia ya chuma inayomziba macho, anatembezwa kwenye ngome ya kichawi, na wenzake watatu wanamwona kwenye skrini wakimwelekeza: hatua moja kushoto, simama, geuka. Studio yenyewe ni buluu tupu. Ngome na mapango mengi ni picha alizochora David Rowe kwa mkono, zikawekwa mahali pa buluu hiyo kwenye skrini. Na si mchezo wa kubembelezana. Misimu 8, vikundi vilivyoshinda ni 8 tu. Ukikosea hatua unatumbukia shimoni, kwaheri.

Adui mkubwa wa hadithi ni Lord Fear, lakini mimi nilinaswa na kibaraka wake, Sylvester Hands. Mchafu, ananuka, mwizi wa vitu vidogo vidogo. Kibaka kamili. Watoto wanamhonga, wanamdanganya, anapumbazika, safari inaendelea. Aliyemwigiza, Paul Valentine, ndiye pia Motley, yule mchekeshaji anayewasaidia watoto. Kwa hiyo sura iliyokukaba wiki hii wiki ijayo inakutania. Mwenyeji wangu alicheka mpaka akamwaga chai. "Tulimpenda sana huyu," akasema.

Wanampenda kibaka!

Miaka hiyo hiyo mimi nilikuwa Magomeni, darasa la tatu. Asubuhi moja zikapigwa kelele za mwizi, mwizi, mtaa mzima ukamwagika nje: wenye taulo, wenye mswaki mdomoni. Kijana alikuwa ameiba sufuria. Sufuria yenyewe ilikuwa imetupwa mtaroni, bado ina ukoko wa wali. Nakumbuka ukoko ule kuliko sura yake. Mtu mmoja alishakwenda kutafuta tairi. Na mimi niliokota jiwe, kwa sababu kila mtu alikuwa na jiwe. Mjumbe wa nyumba kumi ndiye aliyemvuta yule kijana chumbani kwake akafunga mlango kwa komeo, akasimama mlangoni na msuli wake mpaka polisi walipofika. Asingekuwa yeye, magazeti yangeandika "raia wenye hasira kali", basi, habari imekwisha.

Kwa hiyo naona Waingereza wametushinda hapa: wamemfundisha mtoto kwamba mwizi mdogo ni mtu wa kuzungumza naye, hata kumzidi akili. Sisi tulifundishwa kumwona kama nyoka. Watakaosema ni umaskini nawaelewa, sufuria ya mtu huenda ndiyo pekee aliyonayo. Lakini mtaa ule ule walikuwepo waliokula fedha za maji, na hao tuliwaamkia shikamoo.

Ila msinielewe vibaya, huku nako kuna baridi yake. Mwezi wa Februari nilitoka ndani nikamkuta mtu anakata mnyororo wa baiskeli yangu, saa nne asubuhi, jua linawaka. Nikapiga kelele kwa Kiingereza, nikamalizia kwa Kiswahili. Mapazia matatu yalitikisika, mlango haukufunguka hata mmoja. Yule bwana akapanda baiskeli, akaondoka bila hata haraka. Polisi wakanipa namba ya kumbukumbu, kwa adabu sana.

Mnyororo uliokatwa bado unaning'inia pale kwenye chuma cha uzio, miezi kadhaa sasa. Hata huo hakuna aliyeuiba.