Msitu usio na geti

Wabongo tunaoishi huku Chicago tukisikia winta tunawaza vitu viwili, bili ya gesi na kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Kuanzia Novemba mtu anatoka kazini anaingia ndani, anatoka ndani anaingia kazini, wikiendi kukiwa na shughuli ya watu wa nyumbani anaenda ukumbini anakula pilau anarudi, basi, mpaka Aprili. Mama akipiga simu anaambiwa huku maisha ni magumu mama, baridi. Mi nabisha. Baridi ipo sikatai, kuna siku za Januari inafika nyuzi 15 chini ya sifuri na upepo juu, lakini kitu kizuri kuliko vyote katika hii kaunti kiko bure na tunakiacha, nacho ni msitu.

Kaunti ya Cook, ndiyo yenye Chicago na vitongoji vyake, ina mamlaka yake maalumu ya misitu tangu 1914. Wana ekari karibu 70,000, kama asilimia 11 ya ardhi yote ya kaunti, yaani watu zaidi ya milioni tano wamebanana hapa na bado kipande chote hicho hakuna anayejenga. Na hamna geti, hamna mtu wa kukata risiti, hamna daftari la kuandika jina na namba ya simu. Unapaki gari unaingia zako. Sharti kubwa ni muda, wanafungua jua likichomoza wanafunga likizama, na Desemba jua linazama saa kumi na dakika ishirini jioni kwa hiyo ukilala mpaka mchana siku yako ya ofu imekula kwako. Gari nalo ni muhimu, bila gari sehemu nyingi ni shida kufika, hilo niliseme kabisa.

Mi napenda pande za Palos, kusini magharibi ya mji. Pale Swallow Cliff kuna ngazi za mawe 125 zinapanda kilima, watu wanazifanyia mazoezi hata theluji ikiwa inadondoka, unakuta mama mtu mzima kabisa anapanda na kushuka anapiga stori na wewe kijana unahema pembeni. Ukifika juu ukashika njia za ndani ndo unaelewa. Kiangazi msitu wa huku umefunga majani na mbu kibao huoni hatua kumi mbele, winta mialoni imepukutika yote unaona mpaka ng'ambo ya bonde. Kulungu wanakatiza watatu wanne, wanasimama wanakutazama, wanaendelea na shughuli zao kwa sababu kwenye misitu hii kuwinda hakuruhusiwi na wao ni kama wanajua. Kuna ndege mwekundu pyee anaitwa kadinali, ndo ndege wa jimbo la Illinois, haendi kusini kukimbia baridi kama wenzake, na juu ya theluji unamuona toka mbali. Nyayo nazo, hapa kapita sungura, hapa koyote, mnyama wa huku kama mbweha, kamfuata, unasoma habari za usiku kucha bila kumuona hata mmoja wao. Vaa nguo nyepesi nyingi badala ya koti moja zito, na tafuta ile mipira yenye meno ya chuma ya kuvalisha buti maana njia ikikanyagwa sana inakuwa barafu tupu. Simu weka mfuko wa ndani, baridi inakula chaji vibaya sana.

Halafu kuna hili la Red Gate Woods, hukohuko Palos. Kinu cha kwanza cha nyuklia duniani kiliwashwa Chicago Desemba 1942, chini ya jukwaa la uwanja wa chuo kikuu, 1943 wakakihamishia msituni, na walipomaliza kazi nacho wakakizika palepale. Kuna jiwe limeandikwa, na sehemu nyingine jirani kuna jiwe linakataza watu wasichimbe. Sisi kwetu tunaambiwa usiingie msituni peke yako kuna mizimu, wenzetu wamefukia nyuklia na wanapita hapo na mbwa wao na kahawa mkononi.

Sasa kwetu. Mi nimekulia Muheza, juu yetu pale kuna msitu wa Amani, Usambara Mashariki, hekta 8,380, umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Watafiti wanatoka Ulaya kuja kuangalia vyura na vinyonga wetu, na yale maua ya Saintpaulia yenye asili ya milima yetu huku yanauzwa kwenye vikopo supamaketi. Lakini uliza watoto wa Muheza mjini wangapi wamewahi kuingia mle kutembea tu, bila shida yoyote. Bibi yangu alikuwa anaingia, lakini kuokota kuni kavu siku zilizopangwa, au kutafuta majani ya dawa. Ukiingia huna mzigo huna panga unaulizwa unatafuta nini, ukijibu natembea hueleweki, tena wanakijiji wenyewe wanakushangaa kabla hata ya bwana misitu. Mgeni kutoka nje akisema natembea anatafutiwa mtu wa kumwongoza.

Sisemi walinzi wana roho mbaya. Huku hakuna anayepikia kuni, kule zinapikiwa kila siku, na wapasua mbao wapo, waliolima iliki chini ya miti wapo, wachimba dhahabu nao walishauvamia msitu ule, na maji ya mto Zigi ndo yanayonywewa Tanga mjini. Mtu wa kuuliza lazima awepo. Na kwa kujua miti bibi yangu angewaacha mbali wengi ninaopishana nao Palos.

Ila kuna kitu nimekiona huku. Winta watu wa kujitolea wanakuja wikiendi na misumeno, wanakata kichaka kimoja cha miiba kilicholetwa na walowezi kutoka Ulaya kufanya uzio, ndege wakala matunda wakasambaza mbegu sasa kimeziba msitu, wanakirundika wanakichoma juu ya theluji. Amani tuna kesi hiyohiyo, ule mti wa Maesopsis, Waganda wanauita musizi, ulipandwa enzi za ukoloni na hondohondo wakausambaza kila kona. Tofauti ni kwamba huku wanaokuja kukata ni watu wanaotembea humo kila wiki, wanauonea uchungu. Na 2022 wapiga kura wa kaunti waliulizwa waongezewe kodi ya majengo kwa ajili ya misitu, wakakubali, na wingi wa kura ulikuwa mkubwa tu. Nani kule kwetu atakubali kukatwa hata shilingi kwa ajili ya msitu ambao hajawahi kuuona ndani?

Kwa hiyo mi ningeanza na Zigi, geti la kuingilia msitu wa Amani, pale kwenye stesheni ya zamani ya reli ya Mjerumani. Kipande kifupi tu cha njia, kilomita tatu nne, wazi kwa wenyeji kila Jumapili, bure, bila barua bila mwongozaji, walinzi wawepo lakini wasiulize. Najua nitajibiwa watakata miti. Mpasua mbao haji saa nne asubuhi kupitia getini na watoto watatu na maandazi kwenye hotpoti.