CT kwanza, MRI baadaye
Makala moja niliyoisoma inasema MRI, yaani picha ya sumaku, ndiyo kipimo cha kwanza kwa uvimbe wowote wa mifupa ya kichwa. Hapo sikubaliani kabisa. Mfupa husomeka vizuri zaidi kwenye CT skani, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande. Osteoma, yaani uvimbe wa mfupa usio saratani, ndani ya sinasi (uwazi wenye hewa) ya paji la uso hutokea nyeupe pepepe, kingo zake safi. Kwenye MRI inaweza kuwa nyeusi kama hewa iliyoizunguka, ukaipita bila kuiona. Displasia ya nyuzi, hali isiyo saratani ambapo tishu ya nyuzi huchukua nafasi ya mfupa, ndiyo inayoniumiza roho: kwenye CT mfupa umetanuka na ndani una ukungu kama kioo kilichopigwa msasa, lakini kwenye MRI yenye dawa ya mshipani ya kung'arisha picha hung'aa, ikadhaniwa saratani. Dada yangu alikaa wiki tatu akilia usiku kwa neno hilo, hadi alipopigwa CT. Jamani, ulizeni CT kabla hamjakubali kukatwa kinyama cha kupima! MRI ina kazi yake, hasa uvimbe ukisukuma jicho au ubongo. Na osteoma zikiwa nyingi tayani, utumbo mpana nao uchunguzwe, maana huenda ni sindromu ya Gardner, ugonjwa wa kurithi unaootesha vinyama utumboni, na vinyama vyake vya utumboni hugeuka saratani visiposhughulikiwa.