Mnalisifu shimo, mnaisahau gesi

Hapa Mtwara ukitamka "gesi", watu wanawaza Msimbati na bomba la kwenda Dar. Mimi bado napikia ya mtungi. Juzi nimechemsha mihogo, sufuria ikafurika, maji ya chumvi yakamwagikia jiko na moto wa buluu ukageuka manjano. Mama akapiga kelele: "Zima, inavuja hiyo!" Haikuvuja. Ilikuwa sodiamu ya kwenye chumvi, ambayo ikipata moto hung'aa manjano kwenye nanomita 589 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, yaani rangi yake), iwe hapa Shangani au sayari ya mbali.

Naisimulia sufuria kwa sababu rangi ya gesi inasema mengi, nami nimechoshwa na habari za kwasari, yaani viini vya galaksi vinavyong'aa mno kwa gesi inayozunguka shimo jeusi, zinazoishia kwenye shimo tu. Shimo lenyewe halituletei mwanga wowote. Msemaji wake ni gesi inayolizunguka.

Mwaka 1963 mwanaastronomia Maarten Schmidt aliuchambua mwanga wa kwasari 3C 273, iliyoonekana kama nyota tu, akakuta mistari ya ajabu, yaani rangi mahususi ambazo kila gesi hutoa, kama ile manjano ya sodiamu. Kumbe ni hidrojeni ya kawaida, ila mawimbi yake yamerefuka kuelekea wekundu kwa asilimia 16, kwa kuwa ulimwengu unatanuka wakati mwanga uko njiani. Mstari ambao maabarani hukaa nanomita 486, huko ulikutwa 563. Mwanga huo ulikuwa njiani takriban miaka bilioni 2.

Utamu zaidi uko kwenye unene wa mistari. Karibu na shimo gesi inakimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde. Inayotujia inauvuta mwanga upande wa buluu, inayotukimbia upande wa wekundu, na mstari unatandazika kama donge la chapati. Mbali kidogo na hapo mistari ni myembamba, na ndipo oksijeni hutoa kijani chake cha nanomita 500.7. Gesi ikisongamana, kijani hicho hukioni: atomu zinagongwa kabla hazijawahi kukitoa. Kwa hiyo rangi moja tu inakwambia pale gesi ni nyepesi kiasi gani.

Hata uzito wa shimo hupimwa kwa mwendo wa gesi na umbali wake. Mwaka 2018 darubini kubwa za Chile zilipima hivyo shimo la 3C 273 hiyohiyo: kama jua milioni 300.

Na ile picha maarufu ya galaksi ya M87, iliyotoka 2019? Duara linalong'aa ni gesi ya moto. Shimo limo pale katikati pasipoonekana kitu, na bado wanaiita picha ya shimo.