Themanini kwa Ishirini

Mimi ni mhasibu, na sisi wahasibu tuna ugonjwa mmoja: namba zikikubaliana, tunalala usingizi mnono. Kwa hiyo nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba ile siku mama mkwe wangu aliponikuta katikati ya mbuga ya Bahi nimevaa helmeti na bukta, hesabu zangu zote zilikuwa sahihi.

Nianzie kwenye pikipiki. Nilinunua Honda ya mtumba, 250, ile mirefu ya kupandia vilima, ambayo ukiikalia unagusa chini kwa ncha za vidole kama mtoto aliyepakatwa na stuli ya baa. Ilikuja na tairi vipara. Fundi wangu pale Majengo akasema weka tairi yoyote, twende kazini. Tatizo ni kwamba kwa pikipiki hiyo tairi yoyote haipo. Boxer za bodaboda zinavaa namba 17, yaani inchi za rimu, na zimening'inia kila mlango wa duka la vipuri Dodoma kama mikungu ya ndizi. Ya kwangu mbele ni 21 na nyuma ni 18. Ukimtajia muuza duka 21, anakutazama kama umeulizia nyama ya papa. Ikabidi kuagiza Kariakoo, na mtu akishaambiwa aagize, anapata muda wa kusoma. Mimi nilisoma miezi mitatu.

Mke wangu anasema hata mtihani wa bodi ya wahasibu sikuusomea hivyo.

Nikajua, kwa mfano, kwamba kwenye ubavu wa tairi kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2314, hiyo ilizaliwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, na hata kama ina vinyweleo vya upya, mpira wake umeshakuwa mzee. Nikajua kuna mshale wa kuonyesha inazungukia wapi, na kwamba fundi asiyeutazama atakufungia nyuma mbele na atakudai pesa kamili. Zaidi ya yote nikajua habari ya asilimia.

Habari yenyewe ndiyo hii. Kuna tairi za kashata, zenye vipande virefu vilivyoachana, ambazo zinauma tope na mchanga kama fisi. Ukizileta kwenye lami zinasimama kwa vichwa vya zile kashata tu, mpira unaogusa barabara unakuwa kidogo, zinavuma kama mashine ya kusaga, ukifunga breki kwenye mvua zinakutangulia, na kwa jua letu la Dodoma unaziona zinavyoisha. Upande wa pili kuna za lami, zimeshonana, zinanata kwenye kona na zinadumu, ila zikionja tope mifereji yake inajaa na kuanzia hapo umevaa kipara. Katikati wameweka mchanganyiko na kuupa namba: 90 kwa 10, 80 kwa 20, 50 kwa 50. Namba ya kwanza lami, ya pili vumbi. Asilimia zenyewe hazijapimwa popote, ni makisio ya mwenye kiwanda. Lakini ni asilimia, na mimi nikiona asilimia moyo unatulia.

Kijiweni kwetu Area C walinishangaa. Mkongwe wa kijiwe, ambaye tairi yake ya nyuma unaweza kujitazama kama kioo, aliniuliza mara moja tu: "Mkubwa, unakwenda wapi hasa?" Nikamjibu nakwenda kote. Akarudi kwenye bao lake.

Kuna wale wasafiri wazungu wanaotokea Babati na Kondoa, njia ile ya kale ya Cape hadi Cairo, wanasimama mjini kujaza mafuta na mapikipiki yao makubwa. Niliwakuta wawili. Walikuwa wamevaa tairi za lami, na nyuma, juu ya mizigo, kila mmoja kafunga jozi ya kashata kwa mikanda kama mtu aliyebeba godoro. Niliwauliza kwa nini. Wakasema lami ikiisha wanakaa chini, wanabadilisha. Niliwaonea huruma. Nikasema moyoni, hawa hawajapiga hesabu.

Mimi nilipiga. Safari kubwa ya pikipiki yangu ni ukweni. Kutoka getini kwangu hadi Bahi, kwa kusoma dashibodi, ni kilomita 56, lami tupu ya barabara ya Singida. Kutoka hapo hadi kwa baba mkwe, 14 za udongo. Jumla 70. Chukua 56, gawanya kwa 70.

Themanini kamili! Nilipiga kikokotoo mara tatu, mkono unatetemeka. Hata kiwanda kisingenishonea vizuri hivyo. Nikaagiza 80 kwa 20, mbele na nyuma, zikaja kwa basi. Pamoja na nauli ya mzigo zilinigharimu shilingi 480,000, nikazimulika ubavuni kwa tochi ya simu mbele ya fundi, mshale nikauchora kwa chaki. Zikafungwa. Nilizipenda sana, mpaka vile vinyweleo sikuving'oa.

Mwezi wa pili kukatokea kikao cha mahari cha shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Saa 5 asubuhi wageni wanafika, na mimi mkwe mkubwa lazima niwepo. Mke wangu alishatangulia tangu Alhamisi. Akanipigia simu: "Baba, huku mvua imenyesha juzi na jana. Panda basi la Singida, ushuke Bahi, uchukue boda." Mimi? Boda? Nina tairi za laki nne na themanini!

Niliondoka saa 2 kamili. Suti nimeikunja vizuri ndani ya salfeti nyuma ya kiti, mwilini kadeti na buti. Na lazima niwe mkweli, kwenye lami tairi zile zilikuwa raha. Kimya, hazitetemeki, kona inalala yenyewe. Saa 3 niko Bahi nakunywa chai na chapati, nikampigia mke wangu kumwambia nitawawahi wageni kwa saa nzima. Akasema, "Haya."

Yeye ni mzaliwa wa huko. Nilipaswa kuisikiliza vizuri ile "haya."

Kilomita tatu za kwanza zilikuwa changarawe. Halafu ikaanza mbuga. Ambaye hajaona udongo mweusi wa Bahi nimweleze: kiangazi ni mgumu kama saruji na una nyufa za kumvunja mbuzi mguu. Ukinyeshewa, ni mlenda. Namaanisha mlenda wenyewe, ule unaovuta. Tairi ya mbele ilienda kushoto, ya nyuma ikaenda kulia, mimi nikabaki pale tulipokuwa. Nikaanguka taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeketi.

Nikainuka. Nikaenda hatua kumi. Nikaanguka upande wa pili ili kusiwe na upendeleo.

Mifereji ya tairi ilikuwa imeshajaa, huoni tena kama ni ya 80 wala ya 20, ni mandazi mawili meusi. Nikakumbuka somo la upepo: kwenye ardhi laini unapunguza ili tairi itandaze tumbo. Ilikuwa 30, nikaitoa hadi 15. Ushauri huo ni mzuri sana kwenye mchanga wa korongo. Kwenye mlenda, nilichopata ni mandazi mapana zaidi. Kisha nikagundua pampu iko Area C, juu ya kabati.

Tope likaendelea kujazana kati ya tairi ya nyuma na chuma kinachoishika, mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Ukitia gia, injini inalia, pikipiki imesimama wima peke yake bila stendi. Nikaanza kuchokoa kwa kijiti, kisha kwa mikono. Kadeti yangu ikawa na uzito wa mtoto wa darasa la pili, inashuka kila nikiinama. Nikatazama mbele, nikatazama nyuma. Mbuga tupu, hakuna mtu, ng'ombe wachache na mibuyu kwa mbali. Nikaivua, nikaikamua, nikaitundika kwenye kichaka cha miiba. Helmeti sikuivua, kwa sababu ya jua.

Hapo ndipo nikasikia Boxer.

Ilikuwa inakuja polepole, lakini imenyooka kama treni. Dereva kijana. Nyuma yake kreti mbili za soda, na juu ya mkeka mdogo, amekaa upande, mwavuli mkononi, kanga haina hata doa: mama mkwe wangu.

Kwetu na kwao heshima ya mkwe mnaijua. Mama mkwe haongei nawe uso kwa uso hata ukiwa na suruali. Suruali ilikuwa kwenye kichaka, na kichaka kilikuwa upande wao. Nikafanya jambo pekee lililonijia: nikashusha kioo cheusi cha helmeti.

Boda ikasimama. Mama mkwe akageuza uso, akautazama mbuyu mmoja ulioko mbali sana.

"Kijana," akamwambia dereva, "muulize huyo mwenye ndoo kichwani, mke wake hajambo?"

Dereva alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Akanigeukia. "Bosi, unaulizwa kama mke wako hajambo."

"Mwambie niliongea naye asubuhi, hajambo. Mwambie shikamoo."

"Anasema hajambo. Shikamoo."

"Marahaba. Muulize suruali yake imepatwa na nini."

"Bosi, suruali..."

"Nimesikia. Mwambie inakauka."

"Inakauka, mama."

Kimya kirefu. Mbuyu ule sijui ulimwonyesha nini, maana mabega yake yalianza kutikisika na mwavuli nao ukatikisika. Mimi macho nikayapeleka kwenye tairi ya Boxer, ili niwe na pa kuyaweka. Kipara. Kipara cha kweli, cha kung'aa. Ila kamba ya katani ilikuwa imezungushwa kwenye tairi na kupitishwa kati ya spoku, ina fundo kila baada ya shubiri moja, na madigadi ya nyuma yameondolewa kabisa, tope lisipate pa kujificha. Kila fundo lilikuwa linauma ardhi na kuitema. Akifika lami anaifungua, anaiweka begani.

"Kamba shilingi ngapi?" nikauliza.

"Ni kamba ya ng'ombe hii, bosi. Haina bei."

Akampeleka mama kwanza. Alirudi baada ya saa nzima na kamba nyingine na panga la kuchokolea tope. Nilipotaka kumlipa akakataa. "Mama ameshalipa. Amesema nikuhesabu kama kreti ya tatu."

Nilifika saa 7 mchana. Kikao kilinisubiri, maana wazee hawakutaka kukipitisha bila mkwe mkubwa, na kwa saa mbili walizosubiri walikuwa wameshasikia kila kitu. Nilivaa suti ndani ya zizi la mbuzi, nikatokea, nikasema "Mbukwenyi," na badala ya kuitikia wakacheka, upande wa bwana harusi na upande wetu, sauti moja. Mke wangu anasema kikao kile hakikuwa na ubishi wowote juu ya idadi ya ng'ombe, na sifa zote ananipa mimi.

Baba mkwe akaomba kuuliza jambo moja kabla ya ajenda. Zile tairi ni bei gani? Nikasema. Mzee mmoja akauliza mbuzi siku hizi mnadani anakwenda kiasi gani, wakakubaliana 80,000. Wakanyamaza, wanagawanya.

"Mbuzi sita," akasema baba mkwe. "Mkwe wangu amevaa mbuzi sita magurudumuni, na amekuja na kamba ya ng'ombe."

Nikajitetea. Nikawaeleza 56 na 14, nikawaeleza 70, nikawapa themanini yangu. Upande wa bwana harusi kulikuwa na mwalimu wa hisabati, kijana mpole. Akainua mkono kama mwanafunzi. "Samahani, mzee. Kwenye lami ulitumia muda gani?" Saa moja. "Na kwenye udongo?" Kutoka saa 3 hadi saa 7, saa nne. Akachukua kijiti, akaandika chini, akafuta, akaandika tena. "Basi ni sawa kabisa," akasema. "Ni ishirini kwa themanini."

Mzee mwingine, ambaye nilidhani amelala, akafungua macho. Akasema mji wa Dodoma waliuita Idodomya, yaani pamezama, kwa sababu ya tembo aliyekwenda kunywa maji pale Kikuyu, humo humo mjini, akakwama kwenye tope asitoke. Kwamba yule tembo angalau alikuwa na kiu.

Nililala huko. Asubuhi, wakati nafunga mizigo, akaja mjukuu wa miaka kama sita, kashika vitu viwili kwa mikono miwili: kadeti yangu, imefuliwa na kupigwa pasi ya mkaa hadi mstari unasimama, na kamba mpya ya katani, imeshapigwa mafundo. Akasimama mbele yangu, akavuta pumzi ili asisahau alichotumwa.

"Bibi anasema, hii ni ya tairi. Na hii ni ya kwako. Usichanganye."