Mashine ya mkononi ama maabara: hii dawa ya kemisti tuipime na nini?

Jirani yangu hapa Kawangware, Mama Achieng, alinigongea mlango jioni moja akiwa na pakiti ya amoksisilini na klavulanati, ile watu huita tu 625, akaniambia, "Baba Wanjiru, si wewe hupima dawa huko kazini, hebu niangalizie kama hii ni ya ukweli, nimeipata bei ya chini sana kuliko vile niliambiwa hospitali." Nikaitazama vizuri, namba ya bechi iko, tarehe ya mwisho bado, karatasi ya alumini haijapasuka mahali, maandishi hayana makosa. Nikamwambia Mama Achieng ukweli, kwamba macho yangu yameishia hapo.

Alikuwa na vidonge 14, dozi ya siku 7, asubuhi na jioni. Sasa famakopia, hicho kitabu cha viwango tunachofuata sisi watu wa maabara, kwa kawaida inataka nipime na kusaga vidonge 20 ndio nijue dawa iliyo ndani ni kiasi gani kwa wastani, alafu vingine 6 vya kuangalia kama vinayeyuka inavyotakiwa. Ningechukua dozi yake yote na bado isingetosha, na mgonjwa angebaki bila kitu.

Hilo swali la Mama Achieng ndilo linatugawanya sisi wenye kazi hii Nairobi. Kuna wale wanasema pesa zote ziende kwa mashine ndogo za mkononi, mkaguzi aingie kila duka kuanzia River Road mpaka Githurai, apige leza kwa pakiti, apate jibu hapo hapo. Na kuna wale wanasema hizo mashine zinadanganya umma, dawa ipimwe maabara kwa HPLC, mashine inayotenganisha vitu vilivyo ndani ya dawa na kupima kila kimoja, ama isisemwe imepimwa. Nimesikiliza pande zote mbili kwa miaka na naona kila mmoja ameshika ukweli, ila wanabishana juu ya mashine na mimi naona ubishi ungekuwa juu ya swali ambalo mashine inaulizwa.

Nianze na hao wa leza, juu mara nyingi wanadharauliwa bure. Hiyo mashine inatumia kitu alichogundua Mhindi C. V. Raman mwaka 1928, akapewa Nobeli 1930. Ukimulika kitu kwa mwanga wa rangi moja, mwanga kidogo sana unarudi ukiwa umebadilika rangi, na kila molekuli inaubadilisha kivyake, kama alama ya kidole. Mashine inalinganisha hiyo alama na zile imewekewa kwa kumbukumbu yake, sekunde chache imekujibu, na mara nyingi kama plastiki ya pakiti inaonyesha ndani hata hufungui. Mama Achieng angerudi nyumbani na vidonge vyake vyote 14. Hiyo peke yake ni hoja nzito, na HPLC haina jibu lake.

Na kuna madhara ambayo kifaa kama hicho kingeyashika mapema. Kati ya mwisho wa 2014 na Agosti 2015 kule Ituri, mashariki mwa Kongo, watu zaidi ya 1,000 waliugua, shingo zinapinda, uso unakazana, ulimi unatoka nje, na mwanzoni wahudumu wakadhani ni homa ya uti wa mgongo. Kumbe vidonge vilivyoandikwa diazepamu ndani vilikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, na watu wakapewa, hata watoto. Hapo hauhitaji maabara kubwa kujua kuna shida, unahitaji mtu mwenye kifaa kinachouliza swali moja tu, hii ni diazepamu ama si diazepamu. Hapa kwetu 2011 zile ARV bandia za Zidolam-N zilizofikia wagonjwa karibu 3,000 zilishukiwa juu vidonge vilikuwa vinamomonyoka, vina ukungu na vimebadilika rangi, yaani ni macho ya watu ndiyo yalianza kuona, mashine zikafuata baadaye.

Sasa upande wa pili. Chukua hiyo hiyo 625 ya Mama Achieng. Ina vitu viwili, amoksisilini miligramu 500 na klavulanati 125, na huyo wa pili ndiye mlinzi, kazi yake ni kuzuia silaha ya bakteria isiharibu amoksisilini. Klavulanati haipendi unyevu wala joto kabisa. Weka hiyo dawa kwa duka la mabati lenye jua la mchana mzima, ama kwa stoo ambayo mvua ya Aprili inavuja, na klavulanati inaanza kufa pole pole huku amoksisilini imekaa bado iko. Ukipiga leza, mashine ina nafasi kubwa ya kuona amoksisilini na ganda la nje na kusema sawa. Kwa HPLC haiwezi kujificha hivyo, unayeyusha dawa, unachuja, unaisukuma na fosfeti na methanoli kidogo kupitia kolamu, ule mrija unaotenganisha vitu, klavulanati inatoka kwanza, amoksisilini inafuata, taa ya nanomita 220 inazihesabu moja moja, na kila moja inalinganishwa na standadi ambayo kiwango chake kinajulikana. Famakopia ya Marekani inataka kila moja iwe kati ya asilimia 90 na 120 ya kilichoandikwa kwa pakiti. Klavulanati ikiwa asilimia 50 utaiona, na hutaambiwa tu "sawa" ama "si sawa", utaambiwa ni 50.

Kwa maoni yangu hapa ndipo mzigo uko. Watu wakisikia dawa mbaya wanafikiria wahalifu wanaokoroga chaki usiku, na hao wapo. Lakini WHO tangu 2017 inatenganisha makundi mawili, dawa za kughushi na dawa zilizo chini ya kiwango, na hilo kundi la pili ni dawa halali, kampuni imesajiliwa, ila imetengenezwa vibaya ama imeharibika njiani ama kwa rafu. Yote mawili kwa pamoja WHO walikadiria ni kama dawa 1 kati ya 10 kwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Leza ni kali kwa lile kundi la kwanza, kwa la pili iko karibu kipofu. Ukienda kwa dawa zenye kiungo kidogo ndio kabisa, digoksini ya moyo ni robo miligramu tu ndani ya kidonge, kilichobaki ni wanga na laktosi, leza inaona laktosi tu.

Alafu kuna kuyeyuka. Kidonge kinaweza kuwa na parasetamoli yote, kamili, na bado kikapita tumboni kama kokoto. Ndio maana tunakitia kwa maji ya mililita 900 yenye joto la 37, kasia inazunguka mara 50 kwa dakika, na baada ya dakika 30 Wamarekani wanataka angalau asilimia 80 iwe imeingia majini. Hakuna leza ya kukuambia hilo, hakuna hata moja.

Lakini nikiwa mtu wa maabara lazima niseme na upande wetu, juu tunapenda kujiona ndio mwisho wa maneno. Mwaka 2007 na 2008 heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ilipita vipimo rasmi vya wakati huo huku ndani imechanganywa na kondroitini iliyoongezwa salfeti, watu wakafa Marekani, na iligunduliwa baada ya wanasayansi kutumia njia nyingine, NMR na elektroforesisi ya kapilari. Mashine za kiwanda hazikuharibika, zilijibu swali zilizoulizwa, shida ni kuwa hakuna mtu aliuliza kama kuna kitu kingine kinachofanana na heparini. Na ranitidini ya vidonda vya tumbo 2019, maabara moja ya Marekani ilitangaza kiwango kikubwa sana cha NDMA, kitu kinachoweza kuleta saratani, kumbe njia yao ilichemsha sampuli kwa joto la 130 na hilo joto lenyewe likatengeneza NDMA. FDA, wasimamizi wa dawa Marekani, wakasema wazi hiyo njia haifai kwa dawa hiyo, wapime kwa njia isiyochemsha. Na bado hatimaye walipoona NDMA inaongezeka kadiri dawa inavyokaa, hasa kwenye joto, Aprili 2020 wakaomba iondolewe sokoni. Kwa hivyo kengele ilikuwa ya kweli na kipimo kilikuwa na kosa, yote mawili kwa pamoja, na ukiangalia mashine iliyotumika ilikuwa ya hali ya juu.

Na kuna muda. Mahali nilipofanya kazi zamani tuliletewa sampuli ya dawa iliyoshukiwa, kolamu ikawa imechoka, nyingine imeagizwa nje, standadi nayo haijafika, stima ikapotea katikati ya mzunguko wa usiku tukaanza upya. Wakati jibu linatoka, tena jibu la kwamba dawa imefeli, bechi yote ilikuwa ishauzwa. Tulikuwa na namba sahihi kabisa ya dawa ambayo watu walikuwa washaimeza. Hiyo siku bado inaniuma na ndio sababu siwezi kumcheka mtu wa leza.

Nairobi si ati hatuna maabara. NQCL, maabara ya taifa ya kupima dawa, iko pale karibu na hospitali ya Kenyatta na ilitambuliwa na WHO mwaka 2008, MEDS, wale wasambazaji wa dawa wa makanisa, wana yao, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitengo chake cha kupima dawa, DARU. Ujuzi tunao. Kinachokaba ni vitu vidogo ambavyo hakuna mtu anakuja kupigwa picha navyo, kolamu, standadi, kiyeyushi cha HPLC kiitwacho asetonitrili (mwaka 2008 hadi 2009 hiyo kemikali iliadimika dunia nzima juu inapatikana kama mabaki ya kutengeneza akrilonitrili, viwanda vilipopunguza kazi sisi wote tukakauka), fundi wa pampu, na jenereta.

Sasa mimi nimesimama wapi. Naona mashine ya mkononi itumike, itumike sana, lakini kwa sharti moja, jibu lake la "hapana" lisimamishe dawa na jibu lake la "ndiyo" lisiandikwe popote. Mkaguzi akipiga leza ikasema hailingani, hilo duka lisiuze hiyo bechi mpaka maabara iseme, na maabara ipewe siku, isipewe miezi. Akipiga ikasema inalingana, ajue tu kwamba hajaona kosa, asimwambie mwenye duka dawa imepita, juu kesho hilo neno litakuwa tangazo ukutani na klavulanati inaendelea kufa kwa rafu. Na hata hiyo "hapana" isiwe hukumu. Kumbukumbu ya mashine imejengwa kwa bidhaa fulani fulani, jenerika nzuri kabisa iliyotumia kijazio tofauti inaweza kukataliwa, na mwenye duka mdogo wa Kangemi akifungiwa kwa sababu ya laktosi na wanga itakuwa ni dhuluma.

Wengi hapa katikati wanasahau TLC, na mimi ningeweka pesa hapo kabla ya leza. Ni bamba dogo lenye silika, unadondosha tone la sampuli na tone la standadi, linapanda na kiyeyushi, unaangalia madoa chini ya taa ya UV. Minilab, maabara ya kubebeka ya shirika la Wajerumani la GPHF, inabeba hayo yote kwa masanduku, unalinganisha doa lako na doa la asilimia 100 na la asilimia 80, macho ya mtu aliyefunzwa yanatosha, na ukipotelewa na stima hauharibikiwi na kitu. Haitakuonyesha upungufu wa asilimia 10, hapo leza na TLC wako sawa kwa udhaifu, lakini inatenganisha vitu kabla ya kuviangalia na hiyo ni tofauti kubwa.

Fikiria zile sirapu za watoto Gambia 2022, watoto kama 70 walikufa, ndani kulikuwa na diethilini glaikoli, kiyeyushi cha viwandani kinachoua figo. Sumu hiyo hiyo iliua watu zaidi ya 100 Marekani mwaka 1937, na watoto Nigeria 1990 na tena 2008. Ni zaidi ya miaka 80 ya kosa lile lile. WHO sasa kwa Famakopia ya Kimataifa imeweka ngazi mbili, kwanza TLC, inayoshukiwa ndio inaenda kromatografia ya gesi. Ngazi ya kwanza inaweza kufanywa kwa maabara ndogo ya kaunti yenye meza, taa na mtu makini, na sirapu ya mtoto haihitaji kungoja foleni ya Nairobi.

Jambo lingine ni wapi tunachukua sampuli. Tukichukua bandarini ama kwa ghala kubwa la Industrial Area dawa bado ni mpya, lazima itapita. Mimi ningesema tuchukue ile iliyobaki mwezi mmoja kabla ya tarehe, kwa duka la mabati, baada ya msimu wa mvua, na hiyo ndiyo ipewe HPLC zetu chache tulizo nazo. Za bandarini TLC itaanza nazo.

Mama Achieng nilimwambia kwamba mwananchi yeyote anaweza kuripoti dawa anayoishuku kwa Bodi ya Famasia na Sumu, iwe kwa mtandao ama kwa ile fomu ya rangi ya waridi, na asitupe pakiti. Tukaijaza pamoja kwa simu yangu, namba ya bechi, jina la duka, bei aliyonunua. Akaniuliza, "Na usiku huu nimpe mtoto ama nisimpe?" Ni msichana wa miaka 16, sikio lilikuwa linatoa usaha. Nikamshauri arudi kesho asubuhi kwa famasia ya hospitali anunue nyingine, nikamchangia, na zile 14 nikazifunga kwa bahasha na tarehe juu, zisubiri mkaguzi akizihitaji.